Iliyokimbia 154.5 ni S 2/6

Kuna wanaosema injini ya treni ya mvuke iliyoweka rekodi ya kasi mwaka 1907 ni S 3/6. Hapana, siyo hiyo. Rekodi ya Julai 1907 kati ya Munich na Augsburg huko Ujerumani, kilomita 154.5 kwa saa, ni ya S 2/6 namba 3201. S 3/6 za kwanza zilitoka 1908, zingeiwekaje? Zote mbili ni za kiwanda cha Maffei na za reli ya jimbo la Bavaria, ndiyo maana watu huzichanganya. Kwenye picha hesabu magurudumu makubwa ya upande mmoja: S 2/6 ina mawili, kipenyo mita 2.2 kila moja (linampita mtu mrefu kwa kimo!), S 3/6 ina matatu. S 2/6 iliundwa moja tu, ipo makumbusho ya reli Nuremberg. Ila hiyo ilikuwa rekodi ya mvuke; mabehewa ya umeme yalishapita 200 hukohuko Ujerumani mwaka 1903.