Uso unawaka kama jiko: niende kwenye leza?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nina miaka 38, nakaanga chipsi Mwanjelwa. Tangu mwaka jana mashavu na pua vinawaka na kutoa vipele vidogo, na nikiinamia mkaa ndiyo balaa. Nimepaka krimu ya tyubu kwa miezi saba. Nikipaka natulia, nikiacha uso unavimba. Shoga yangu wa Dar anasema kuna saluni ina mashine ya mwanga inayomaliza kazi siku moja. Nichange nauli?
Mama Chipsi, Mbeya

JIBU: Marahaba, mama. Nauli ibaki kwenye kibubu kwanza. Kilichonishtua kwenye barua yako si mashine, ni hiyo tyubu. Igeuze usome maandishi madogo: ukikuta neno linaloanza na "betameth" au "clobeta", hiyo ni steroidi. Inaituliza ngozi huku inaifanya nyembamba na kuibana mishipa midogo ya damu. Ukiiacha, mishipa inafunguka kwa pamoja na uso unavimba, nawe unadhani unaihitaji. Nimeona nyuso nyingi za namna hiyo, na wenye nyuso hizo huificha tyubu mkobani mpaka niulize mara ya tatu.

Huenda una rozasia, ugonjwa wa ngozi unaowasha mashavu na pua na kuleta vipele, huenda ni uso ulioharibiwa na steroidi. Kwenye ngozi yetu vinafanana sana, maana wekundu hauonekani kama vitabuni, unaonekana kama kahawia iliyokolea yenye joto. Je, viungo vinauma, nywele zinakatika, mdomoni kuna vidonda? Kama ndiyo, mwambie daktari mapema, maana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, nayo hupenda mashavu.

Sasa leza, mashine ya mwanga. Leza ya mishipa inayotumika sana kwa rozasia hutoa mwanga wa nanomita 595 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Damu nyekundu huunywa, joto hupanda ndani ya mshipa, mshipa unajifunga. Wazo hilo la kuulenga mwanga kwenye rangi moja lilielezwa na Anderson na Parrish wa Marekani mwaka 1983. Ubaya ni kwamba weusi wetu, ile melanini, nao huunywa mwanga huo, na kinachoungua hapo ni ngozi yenyewe. Mwanga wa nanomita 1064 melanini huunywa kidogo, unapita hadi chini. Ndiyo maana ngozi nyeusi huelekezwa huko. Zipo pia mashine za mwanga mchanganyiko, zile za kimulimuli zinazotumika kunyolea vinyweleo. Niliwahi kumpokea binti aliyefanyiwa hiyo mahali fulani: mashavuni alikuwa na madoa meusi ya mstatili, sawa na kichwa cha mashine, kama amegongwa mihuri. Madoa hayo yalikaa miezi.

Na hata ikifanywa vizuri, leza hupunguza mishipa na wekundu. Vipele vinahitaji dawa. Tena haimalizi siku moja. Ni mikupuo kadhaa, wiki kadhaa katikati, na wekundu unaweza kurudi.

Nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa, hapo hapo Mbeya. Usiikate steroidi kienyeji, daktari atakupangia namna ya kuishusha. Anaweza kukupa metronidazole ya kupaka, au doksisaiklini ya kumeza (sema kama una mimba). Ukisikia mkorogo unatajwa, ondoka.

Hapo kibandani, hamisha jiko upande upepo unakopeleka moshi na joto, usilikabili uso kwa uso. Vaa kofia pana, pia Juni na Julai: baridi yetu inadanganya, jua la mwinuko wa mita 1,700 halijali sweta.

Ukifika siku ya leza, muulize mtu wa mashine ni nanomita ngapi, na atajaribu wapi kwanza. Mwenye kazi yake atakujaribia sehemu ndogo pembeni ya taya na kukurudisha nyumbani. Asiyekujibu, chukua mkoba wako. Na hiyo tyubu usiitupe, nenda nayo kliniki.