Maswali yenu: Wavumaji wako njiani, osheni vichupa

Mwezi wa tatu umeingia, wavumaji wa koo jekundu wa kwanza wameshafika pwani ya Texas na Louisiana na maswali yenu nayo yamemiminika. Nimechagua machache. Kwa waliojiunga juzi tu, nazungumzia wale ndege wadogo kabisa wa huku Marekani wanaosimama hewani mbele ya ua, mabawa huyaoni kwa kasi, na wengi wenu mlioko Houston, Louisville, Columbus, Minneapolis mpaka Portland ya Maine mnawaona hapo hapo kibarazani. Mengi ya haya tulishayasema mwaka jana na mwaka juzi kwa hiyo nikijibu kwa mkato usinune.

Nitundike lini kichupa cha maji ya sukari? Nipo Ohio na jirani yangu keshatundika.

Ohio ni katikati ya Aprili, ukiwahi siku chache hakuna ubaya. Hili swali linarudi kila mwaka, tena kwa watu walewale, kwa hiyo safari hii andikeni mahali. Houston, New Orleans na pwani yote ile ni mwisho wa Februari au mwanzoni mwa Machi, Tennessee na Kentucky mwanzoni mwa Aprili, Minnesota, Maine na ninyi wa Ottawa na Montreal ni mwisho wa Aprili kuingia wiki ya kwanza ya Mei. Madume ndio wanatangulia kuja kushika eneo, majike wanafuata wiki moja au zaidi nyuma yao.

Yule wa kwanza kufika anakuta maua mengi bado hayajafunguka. Anaishi kwa vidudu vidogo na buibui, na kwa utomvu unaochuruzika kwenye matundu ambayo vigogota wametoboa kwenye magome ya miti. Kwa hiyo kichupa chako kinamsaidia kweli, ila usidhani kwamba bila wewe atakufa njaa, na ukishakitundika mapema basi maji uyabadilishe hata kama hujaona ndege yeyote. Wengi mnatundika Aprili mosi, ndege anakuja tarehe ishirini anakuta maji yameshachacha.

Mimi naweka asali kwa sababu sukari ya dukani ina kemikali. Asali si ni ya asili?

Hapana, hapana, toa hiyo asali leo. Ukichanganya asali na maji inaota ukungu haraka sana na huo ukungu unamuua ndege. Sukari guru na zile za kahawia nazo hapana, zina madini ya chuma kuliko anavyoweza kuhimili. Sukari ya diet ndiyo kabisa, haina nguvu yoyote ndani yake, na huyu ndege kila anachokunywa anakichoma kwa kuruka. Ni sukari nyeupe ya kawaida, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji ya bomba. Basi. Koroga mpaka iyeyuke, ukitaka chemsha kidogo halafu uache ipoe.

Ile rangi nyekundu ya kwenye maji nainunua wapi?

Usiinunue. Chombo chenyewe kina maua mekundu ya plastiki, hiyo inatosha kumwita.

Nimeweka kila kitu sawa lakini wanakuja mara moja, wanaonja halafu hawarudi. Nimekosea wapi?

Swali hili nalipenda. Shusha hicho kichupa, kimwage, kishike kwenye mwanga wa dirisha uangalie ndani ya vile vitundu vya kunywea. Utaona vidoti vyeusi vimejibana kwenye pembe, na kwenye mfuniko kwa ndani kuna utelezi. Huo ni ukungu, na ndege ameshauonja kabla yako. Maji yakionekana meupe meupe au yana vinyuzi vinaelea, yameharibika siku nyingi.

Joto likizidi nyuzi 30 badilisha kila siku au kila baada ya siku mbili, kukiwa na ubaridi siku nne tano. Kila unapobadilisha osha kwa maji ya moto na brashi nyembamba ile ya kuoshea chupa za watoto, ukungu ukikataa loweka kwa siki na maji halafu suuza vizuri. Kama ratiba yako ya kazi haikuruhusu, na najua wengi mnapiga shifti mbili, basi usitundike kabisa, panda ua kwenye chungu. Nalisema hili kila mwaka na kila mwaka kuna mtu anakasirika, lakini kichupa kichafu ni kibaya kuliko kutokuwa na kichupa.

Shikamoo mzee. Mwanangu anauliza ni kweli wanavuka bahari wakiwa wamepanda mgongoni kwa bata bukini?

Marahaba. Mwambie hapana, ni hadithi ya zamani sana. Bata bukini wa huku hawaendi Amerika ya Kati kupitisha baridi, na wanapanda kaskazini kwa wakati wao tofauti. Mvumaji anaruka mwenyewe na peke yake, hata kundi hana.

Sasa mbona ni mdogo hivyo, anavukaje Ghuba ya Meksiko?

Hapa nitakaa kidogo maana ndiyo habari yenyewe. Mvumaji wa koo jekundu kwa kawaida ana gramu 3 na kitu, senti moja ya Marekani ina gramu 2.5, upime hapo. Wakati wa baridi anakaa kusini mwa Meksiko kushuka mpaka Kosta Rika na Panama, na kinachomwambia aondoke ni urefu wa mchana, sio joto wala chakula kuisha. Kabla ya kuvuka anakula mpaka anakaribia gramu 6, yaani karibu uzito wake mara mbili, na karibu yote aliyoongeza ni mafuta. Halafu wengi wanaondoka rasi ya Yucatán jioni jua likizama na kupiga kilomita 800 hivi juu ya maji bila kutua, masaa 18 mpaka 22, wengine wanachagua kuzunguka kwa kufuata pwani ya Texas.

Upepo wa kusini ukiwapo wanafika wakiwa na akiba bado. Shida ni pale baridi ya kaskazini inaposhuka na mvua wakiwa katikati ya maji, hapo wanafika wamekwisha na wanatua kwenye mti wa kwanza wanaouona. Ndiyo maana sehemu kama High Island kule Texas na Dauphin Island kule Alabama ni muhimu mno, vile vichaka na miti michache ya ufukweni ndiyo inapokea ndege wa kila aina waliochoka. Na hapa niseme kitu ambacho hukuuliza: ninyi mlionunua nyumba karibu na pwani mkakata vichaka vyote ili muione bahari vizuri, mmeondoa kituo cha kupumzikia. Rudisheni hata vichaka viwili vitatu vya asili ya pale pale. Nyasi zilizonyolewa hazimsaidii ndege aliyetoka kuruka usiku kucha.

Nipo Seattle. Mimi wavumaji wangu hawakuondoka baridi yote. Je, nimewazuia kwa kuwalisha?

Hapana, hao ni jamii nyingine, mvumaji wa Anna, na huyo anakaa pwani ya Pasifiki mwaka mzima. Nusu ya kwanza ya karne ya 20 alikuwa anazaliana kusini mwa California na kaskazini mwa Baja tu, baadaye akapanda taratibu kwa kufuata bustani za watu zenye maua ya kigeni na vichupa, sasa yuko mpaka Vancouver. Usiku wa barafu ingiza kichupa ndani, alfajiri kabla hakujapambazuka kitoe, kwa sababu anaamka na njaa kali.

Na kwa kuwa uko Seattle, kuanzia Machi angalia mwingine mwenye rangi ya kutu, mkorofi kweli. Huyo anatoka Meksiko anapanda kwa pwani mpaka Alaska kusini, halafu akimaliza kuzaa anarudi kupitia milima ya Rocky kufuata maua ya milimani. Hawa wamepungua sana tangu miaka ya 1970 na mimi wananiumiza roho, kwa hiyo ukimwona anafukuza wenzake mwache, ana safari ndefu.

Na hili la kuwazuia kwa kuwalisha naomba tulizike jamani. Nimeshaeleza kuwa anaenda kwa urefu wa mchana. Ukiacha kichupa nje mpaka Oktoba hakuna anayebaki kwa ajili ya sukari yako, ila aliyechelewa atakushukuru.

Dume mmoja amekaa kwenye waya anafukuza kila anayekuja. Nifanye nini?

Tundika vichupa viwili vitatu pande tofauti za nyumba, asiweze kuviona vyote akiwa pale alipokaa.

Nimekuta mmoja asubuhi ya baridi kaganda kwenye tawi, hasogei, nikamchukua ndani nimpashe joto. Nilifanya vizuri?

Ulikuwa na nia njema lakini siku nyingine ukimkuta hivyo usimguse. Usiku wa baridi anajizima karibu kabisa ili asimalize akiba, joto la mwili linashuka sana na moyo ambao akiruka unaweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika unaweza kushuka mpaka 50 hivi. Mwingine utamkuta hata ananing'inia kichwa chini. Kuamka kunamchukua dakika 20 au zaidi na jua likimpiga anaamka mwenyewe. Wa kusaidiwa ni yule aliye chini, amegonga dirisha au paka kamshika, huyo mweke kwenye boksi dogo lenye giza, funga, umpigie mtaalamu wa kutibu ndege pori wa jimbo lako.

Na paka wako akae ndani. Kichupa nacho kikae karibu kabisa na dirisha, chini ya mita moja, ili akigonga asiwe na kasi ya kumuumiza, ama kikae mbali, mita tisa au kumi.

Nimelipa kampuni inapuliza dawa ya mbu kila wiki tatu. Tangu hapo wavumaji wamepotea, je kuna uhusiano?

Ndugu yangu, upo. Dawa nyingi za namna hiyo ni jamii ya pairethroidi, hazichagui mbu peke yake, zinaua nyuki, vipepeo, visubi, buibui, kila kitu kilichoko kwenye majani. Watu wanafikiri mvumaji anakula sukari tu. Sukari ni mafuta ya kuendeshea gari, mwili anaujenga kwa vidudu, na makinda ndiyo kabisa, mama anakamata vidudu siku nzima anawaletea. Bustani isiyo na vidudu ni bustani isiyo na makinda, hata uweke vichupa kumi.

Halafu kuna buibui. Mwaka jana mwezi wa tano nilimwangalia jike mmoja kwenye kona ya dirisha la jikoni, anasimama hewani mbele ya utando, anauchomoa kidogo kidogo kwa mdomo, nyuzi zinamganda mpaka kifuani, anaondoka, baada ya dakika chache karudi tena. Kile kiota chake kinashikiliwa na utando wa buibui, ndiyo maana makinda yakikua kinatanuka nayo. Kwa nje anakibandika vipande vya kuvumwani, ile inayoota kama ganda kwenye magome ya miti, mpaka hutakiona hata kikiwa juu ya kichwa chako. Kwa hiyo utando wa nje wa nyumba usiufagie Aprili na Mei, wageni wakisema nyumba chafu waambie sababu.

Mbu dawa yake ni kumwaga maji yaliyotuama, sahani za chini ya vyungu, matairi, mifereji ya paa iliyoziba. Maji usiyoweza kumwaga tia vile vidonge vya Bti vinavyoua viluwiluwi vya mbu. Kibarazani washa feni, mbu hawezi upepo. Hiyo kampuni ivunjie mkataba.

Nipo Mombasa, nimempiga picha mvumaji kwenye mpapai wetu. Nitume?

Huyo ni chozi, ndege mdogo wa huko kwenu anayefyonza maua. Wavumaji wako mabara ya Amerika tu, jamii zaidi ya 350, Afrika hakuna hata mmoja. Kila mwaka napata picha za namna hii na kila mara ni chozi, au nondo mmoja anayesimama hewani jioni kwenye maua. Chozi mwenyewe ni mzuri ajabu, mtunze huyo huyo.

Nakaa ghorofani Maine, sina bustani, nina balkoni tu. Nipande nini?

Inatosha kabisa. Kwenye duka la miche uliza kwa jina la kilatini maana majina ya mtaani yanachanganya: Aquilegia canadensis, hiyo inatoa maua Mei ndege wakiwa ndio kwanza wanafika, na Lonicera sempervirens ya kutambaa kwenye waya, chungu kikubwa kidogo. Wakikupa Lonicera japonica ikatae, hiyo ni ya kuletwa na inavamia misitu ya watu. Uliza pia kama miche imepuliziwa dawa, muuzaji asipojua nenda duka lingine. Na uwe na subira, wakishaijua balkoni yako mwakani wanarudi hapo hapo, wapo waliovishwa pete mguuni wakakamatwa tena mahali palepale, na mmoja aliishi zaidi ya miaka 9.

Binti yangu amekuta kiota kina mayai mawili, anataka kukipeleka shule kuwaonyesha wenzake. Aruhusiwe?

Hapana, na tena ni kosa la jinai. Sheria ya ndege wahamaji ya Marekani ya 1918 inakataza kuchukua ndege, mayai, hata kiota, bila kibali, kwa hiyo hata kikiwa kitupu kiache. Hayo mayai yana urefu wa milimita 13 hivi, mama anayalalia peke yake wiki mbili, dume hana msaada wowote hapo, na makinda yanakaa kama wiki tatu ndiyo yanaondoka. Binti apige picha akiwa mbali, asubiri mama atoke kwenda kula, dakika mbili zinatosha, na asikate tawi lolote ili apate kuona vizuri, maana hilo tawi ndilo linalokificha.