Wasomaji Wanauliza: Kuimba na Walatvia Mežaparks

Swali: Mimi ni mwanakwaya. Nasikia Riga, mji mkuu wa Latvia, katika bustani ya Mežaparks, kuna jukwaa la wazi ambalo waimbaji zaidi ya 10,000 huimba pamoja. Nikienda mwaka wowote nitawakuta? Na umati wote huo unakwendaje sawa?

Jibu: Mwaka wowote, hapana. Tamasha Kuu la Nyimbo na Ngoma huja kila baada ya miaka 5. La mwisho lilikuwa 2023, miaka 150 tangu lile la kwanza la 1873. Linalofuata ni 2028. Ukienda katikati, mara nyingi utakuta bustani ya misonobari kando ya ziwa Ķīšezers, na ngazi za jukwaa zikiwa tupu. Jukwaa ni la 1955, nalo limejengwa upya. Kazi ilikamilika 2021.

Kwenda sawa ndiko kwenye utaalamu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo mwenzako aliye mita 100 kutoka ulipo unamsikia akiwa amechelewa karibu theluthi ya sekunde. Anayefuata sikio anaburuta wimbo. Ndiyo maana macho yote hukaa kwenye mkono wa kiongozi aliyesimama juu mbele yao, na kila kwaya hujifunza nyimbo nyumbani na kupimwa kabla ya kuja.

Swali: Tiketi nipate vipi, na nibebe nini?

Jibu: Za onyesho la kufunga tamasha huisha upesi mno. Ukizikosa, nunua za mazoezi ya mwisho ya usiku uliotangulia: nyimbo ni zilezile, na utamwona kiongozi akiwasimamisha waimbaji na kurudia kipande kilichoyumba. Kwa mwanakwaya, usiku huo una mafunzo zaidi.

Panda tramu namba 11 kutoka mjini, kisha utembee ndani ya bustani. Toka mapema, baada ya onyesho watu hurudi wote kwa mkupuo. Beba koti la mvua, maana mwavuli humziba wa nyuma yako. Beba na sweta: mwanzoni mwa Julai jua huzama baada ya saa nne usiku, kisha baridi ya ziwani huingia.

Jifunze beti za "Pūt, vējiņi!", wimbo wa jadi wa Kilatvia, kila mtu huimba. "Gaismas pils" (Ngome ya Nuru), wimbo wa kwaya wa mtunzi Jāzeps Vītols unaobeba matumaini ya uhuru wa taifa, isikilize kwa heshima. Mwaka 1985 watawala wa Kisovieti waliiondoa kwenye ratiba, umati ukaidai hadi ikaimbwa, mzee Haralds Mednis akiiongoza. Ukisikia watu wakipaza "Atkārtot!", wanataka wimbo urudiwe.

Onyesho la kufunga likiisha, usikimbilie tramu. Hapo huanza *sadziedāšanās*, kuimba pamoja bila kutenganisha jukwaa na viti, na wapo wanaoimba mpaka alfajiri, bado wamevaa sketi nzito za sufu na mataji ya maua kichwani.