Mishipi mingapi mtoni? Maswali yenu ya wiki hii

*Mdogo wangu yupo Uingereza, kaenda kuvua mtoni kaambiwa fimbo mbili za kuvulia mwisho. Kwani samaki wa mto wana mwenyewe?* (Magomeni, Bagamoyo)

Wana mwenyewe ndugu yangu. England leseni ya kawaida inakupa fimbo mbili, ukitaka ya tatu unalipia leseni ya juu yake, na mtoni kwa samaki aina ya salmoni ni fimbo moja tu. Alafu mwambie mapema, kuanzia 15 Machi mito inafungwa kwa samaki wasio salmoni wala trauti mpaka 15 Juni, wapate kutaga. Minnesota kule Marekani ndo kabisa, kwa kawaida mshipi mmoja kwa mtu, maji yakiganda barafu ndo unaruhusiwa miwili.

*Mi natega mishipi kumi jioni mto Ruvu, nafunga kwenye mizizi, asubuhi napitia. Kosa langu liko wapi?* (Dunda)

Kaka, mshipi ukiwa mkononi unasikia kabisa samaki anadokoa, unamshtua, ndoana inakaa mdomoni, akiwa mdogo unamchomoa taratibu unamrudisha majini anaenda zake. Sasa kumi utaishika na vidole gani? Mi nimeshaikuta nailoni imejiviringisha kwenye mzizi, kuvuta naona kambale kameza ndoana mpaka tumboni, keshavimba, mkia umeliwa na kenge, sio wa mboga sio wa kuuza, na alikuwa na mayai huyo. Iliniuma sana aisee. Chukua miwili, kaa nayo, ukiondoka ondoka nayo.

*Wenye baruti na makokoro (nyavu za kukokota) wanamaliza samaki, mbona mnatuandama sie wa mishipi?* (Kaole)

Hapo una haki mzee wangu, na sheria ipo upande wako: Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009 zimekataza baruti, sumu, kokoro, na nyavu za timba (za nailoni ya uzi mmoja). Sumu ndo inanitia hasira zaidi maana mtu akitwanga utupa (mmea wa sumu ya samaki) akamwaga mtoni anakufa mkubwa na kifaranga, na maji hayohayo ya Ruvu yanaenda kunywewa mpaka Dar. Ukimuona usimnyamazie, nenda BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi) au kwa afisa uvuvi.

*Mwanangu ana miaka 10, anaweza kwenda na mshipi wake?* (Mama wa Dunda)

Mmoja unamtosha dada, ila asiende peke yake, Ruvu ina mamba na viboko, akae juu ukingoni asitie miguu majini.