Maneno marefu ya Kiingereza: wapi pa kukata

Ndugu muuliza swali, unasema ukisoma matangazo ya kazi ya mashirika na kukutana na accountability au vulnerability, ulimi unagoma, na mwalimu anakuambia tu upige makofi kwa kila silabi. Nafundisha Kiingereza jioni hapa Goma. Wanafunzi wangu wengi wanakwama palepale.

Makofi yanafaa mdomo, lakini maana hayakuonyeshi. Sisi tumezoea lugha ambayo mikato miwili, wa silabi na wa maana, mara nyingi inakutana: hatutawasubiri ni ha-tu-ta-wa-subiri, na vile vipande vinne vya mbele kila kimoja ni silabi na kina maana yake. Kiingereza hakina huruma hiyo. Transportation kwa maana ni trans, port na ation, ila mdomoni ni trans-por-ta-tion, mzizi umepasuliwa. Hata helikopta zinazotupitia juu ya mabati: kwa asili ni heliko na pter, Kigiriki cha mzunguko na bawa. Nani angekata pale?

Mimi huanza na maana, tena kutoka mkiani. Sustainability: toa -ity, ndugu yake -té ya Kifaransa. Inabaki -abil, ambayo ni -able iliyogeuka sura kwa sababu ya -ity. Mbele kuna sustain, kudumisha. Kifaransa cha shule kinatubeba hapa. Aliyesoma responsabilité hana ugeni na mkia huo.

Kisha mdomo: sus-tain-a-bil-i-ty, silabi 6. Na hapa ndipo tunapojulikana tumetoka wapi! Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi mtu anasema sustainabiLIty. Kifaransa kinamvuta hadi mwisho kabisa. Kiingereza kinakaza silabi iliyo kabla ya -ity: sustainaBILity, accountaBILity, vulneraBILity. Kwa -tion una bahati, mkazo wa Kiswahili unaangukia mahali pake, coordiNAtion. Acha tu kuimalizia kwa Kifaransa, "syo", sema "shen".

Kuhusu zile nukta ulizoziona ndani ya maneno kwenye kamusi ya Kimarekani, nyingi zinaonyesha mahali pa kuvunja neno mstari ukiisha. Ndiyo maana about unaweza kuikuta haina nukta hata moja, na ina silabi 2. Kwa matamshi tazama alama za sauti zilizo pembeni, pamoja na ile ya mkazo.