Re: Jamaa anatuacha na wala hahemi, nitajuaje kama kaficha mota?

Mambo mkuu. Umesema jamaa anawaacha kila mbio za baiskeli, hahemi, mnahisi kaficha mota ndani ya baiskeli na kifaa cha kupimia hamna. Mi fundi baiskeli hapa Tabora, anza na siti, legeza nati chomoa chuma chote cha siti mulika ndani ya bomba la fremu na tochi ya simu, mota inakaaga humo imekaa kama kipande cha paipu na waya unaenda kwenye betri, angalia na chupa ya maji na kibegi cha chini ya siti. Yule mwendesha baiskeli Mbelgiji Femke Van den Driessche baiskeli yake ilinaswa na mota mashindanoni Zolder, Ubelgiji, 2016, akafungiwa miaka 6. Mi nilishachomoa ya mshukiwa mmoja nikakuta kutu na buibui, kumbe mapafu tu! Ila kagueni palepale mstarini, akishafika nayo home imeisha hiyo.