Scarlatti K. 141: noti zinazomezwa na kodi zinazogombana

Mpiga kinanda akianza kujifunza sonata ya mtunzi Domenico Scarlatti katika ufunguo wa D maina, K. 141 (namba yake katika orodha ya Kirkpatrick), hukwama kwenye vipimo (vigawanyo vya mapigo) vya mwanzo kabisa na kulaumu vidole vyake. Mara nyingi vidole havina kosa. Kitufe ndicho ambacho hakijapewa nafasi ya kurudi juu.

Muziki ni wa 3/8, yaani mapigo matatu mafupi kwa kipimo, na pale mwanzoni mkono wa kulia unarudia noti ileile mara 6 katika kila kipimo. Tumia vidole 3-2-1, 3-2-1 (cha kati, cha shahada, gumba). Wapo wanaopendelea 4-3-2-1, na kweli vidole hivyo ni vyepesi, ila 4 haigawi 6: kidole cha nne kitaangukia mahali tofauti kipimo hadi kipimo, na msisitizo utahama nacho. Kila kidole kikwaruze kitufe kuelekea kiganjani kisha kiondoke, kama unayefuta vumbi. Kikibaki juu ya kitufe hata kidogo, kinachofuata hakitoi sauti.

Sasa chombo chenyewe. Piano kubwa ya kulala ina mtambo unaoruhusu nyundo kupiga tena kabla kitufe hakijarudi juu kabisa. Piano ya wima kwa kawaida haina mtambo huo, hivyo noti humezwa mapema zaidi. Kinanda cha umeme hutegemea vihisi vyake. Chenye vihisi viwili tu kwa kila kitufe husumbua zaidi kuliko chenye vitatu. Washa metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo kwa dakika) kwenye 40, pigo moja kwa kipimo, yaani noti 4 kwa sekunde. Panda kwa 4. Noti ya kwanza ikipotea, rudi hatua moja: hapo ndipo kasi yako kwenye chombo hicho, hata kama rekodi uliyoisikia inakimbia mara mbili ya hapo.

Kuongeza nguvu ndilo kosa linalofuata. Kubonyeza hadi chini kwa nguvu kunarefusha safari ya kitufe na kukaza kifundo cha mkono. Piga nyepesi.

Lakini roho ya sonata hii iko mkono wa kushoto. Kodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zimejaa noti ambazo mwalimu wa hamonia angezikata kwa kalamu nyekundu: D inakaa na jirani zake, zinagombana, na sauti inatoka kama gitaa linalokung'utwa nyuzi zote kwa pamoja. Scarlatti, mzaliwa wa Napoli mwaka 1685, aliishi Hispania tangu 1729 hadi kifo chake Madrid mwaka 1757, na aliandikia zaidi hapsikodi, kinanda cha kabla ya piano. Chombo hicho hudonoa nyuzi, na kubonyeza kwa nguvu hakuongezi sauti kwa kiasi cha maana. Ukitaka kishindo, unarundika noti. Ndiyo maana kodi hizo zisipunguzwe. Angalia chapisho la noti unalotumia: Alessandro Longo, aliyehariri sonata hizi mwanzoni mwa karne ya 20 (kwake hii ni L. 422), alikuwa na tabia ya kulainisha migongano ya aina hiyo.

Kwenye piano, ukizipiga noti zote kwa uzito mmoja utapata tope. Zikunjue haraka kutoka chini kwenda juu, uzito uwe kwenye besi na noti ya juu kabisa, zile za katikati ziguswe tu. Pedali iguse kodi na kuachiwa papo hapo. Ukiishikilia, zile noti 6 zinageuka mvumo.

Mikono inapopishana, jizoeze kuruka peke yake bila noti za kujaza, macho yakitangulia kwenye kitufe cha kutua. Kila nusu ya sonata hurudiwa. Wengi huruka marudio ili kuokoa mkono, na mkono ukichoka kiasi hicho kabla ya nusu ya kwanza kuisha, punguza metronomu kwa 8.